HIVI GARI LAKO BADO LIMEVAA KOTI LA HOKKAIDO?

Wiki hii tuache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele. Leo tunashuka chini, chini kabisa, pale gari linapogusana na lami.

Siku hizi mjini ukimwona kijana anaendesha Prius au kale ka-Aqua, ujue huyo kajipanga. Haibridi bwana! Injini ya petroli na mota ya umeme vinafanya kazi kwa zamu. Kwenye foleni ya Ubungo injini inajizima yenyewe, gari linanyata kimya kama paka aliyeiba samaki, halafu mafuta linaonja tu, halinywi. Limetoka Japani juzijuzi, nailoni bado iko kwenye viti. Washikaji wanalizunguka, mmoja anafungua boneti, mwingine anajipiga picha kwenye usukani. Na lazima atokee yule mtaalamu wa kijiweni, atapiga teke tairi la mbele na kutoa hukumu: "Matairi mapya haya mwanangu! Kashata zimejaa. Hapo hugusi kitu mpaka mwaka kesho kutwa."

Wote wanaitikia kwa vichwa. Kumbe matairi yenyewe ni ya theluji!

Usicheke. Magari mengine yanashuka bandarini Dar yakiwa na matairi ya msimu wa baridi ya kule kwao, na mwenye gari anaendesha nayo masika nzima bila kujua. Ni sawa na mtu kutembea Kariakoo saa saba mchana amevaa koti la manyoya, tena kwa kujivunia kwamba ni jipya. Tofauti ni kwamba mwenye koti atatoka jasho tu. Mwenye gari anaweza kuingia uvunguni mwa lori.

JAPANI WANAVAA KWA MSIMU

Kuna kisiwa kule kaskazini mwa Japani kinaitwa Hokkaido. Mji wake mkuu ni Sapporo, ule uliofanya michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1972. Sapporo kwa msimu mmoja theluji inayodondoka ukiijumlisha inakaribia mita 5. Yaani ghorofa ya kwanza yote na kidogo ya pili. Watu wa huko hawana mchezo. Baridi ikikaribia wanapeleka magari kwa fundi, wanavua matairi ya kiangazi na kuvaa ya theluji. Baridi ikiisha wanarudisha yale ya kwanza. Wengi wana seti mbili kamili, kila moja na rimu zake, moja inatembea na nyingine imelala stoo. Karibu mikoa yote ya Japani ina kanuni zinazomkataza dereva kuingia kwenye theluji na matairi ya kawaida bila minyororo. Mkoa usio na kanuni hiyo ni Okinawa, na huko kuna joto kama kwetu tu.

Zamani walikuwa wanatumia matairi yenye misumari. Misumari ilikuwa inashika barafu vizuri, lakini barafu ikiisha inakwangua lami, na vumbi lake watu wa Sapporo na Sendai wakawa wanalivuta kifuani. Kelele zikawa nyingi. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyakomesha. Kampuni za matairi zikabidi ziumize kichwa: utashikaje barafu bila msumari?

Hapo ndipo utundu wa Wajapani ulipoonekana. Barafu inateleza kwa sababu juu yake kuna utando mwembamba wa maji. Bridgestone mwaka 1988 walikuwa wameshaleta tairi lao la Blizzak, ambalo mpira wake una vitundu vidogo vidogo kama sponji, vya kunyonya ule utando. Toyo wao wakachanganya mpira na maganda ya jozi yaliyosagwa, ile kokwa ya Ulaya yenye ganda gumu, ili chembe zake zikwaruze barafu. Nakwambia ukweli, inawezekana gari lako limevaa maganda ya jozi na wewe hujui!

Juu ya kashata wakachora mikato myembamba mamia kwa mamia, ya kupinda pinda, utadhani mtu kakaa na wembe siku nzima. Na mpira wenyewe wakaufanya laini, ili hata baridi kali ikipiga usikakamae. Kwa kawaida inahesabiwa kuwa joto likishuka chini ya nyuzi 7 tairi la kiangazi linaanza kuwa gumu, na hili la theluji ndipo linapoanza kutamba.

Sasa nyuzi 7 hapa Dar utazipata wapi, labda ndani ya friji ya muuza soda. Najua atatokea mtu wa Makete aniambie kwao mwezi wa saba kuna umande unaoganda. Sawa kaka, nakubali, asubuhi. Mchana lami ya huko nayo inapigwa jua.

KWA NINI NI HATARI

Mpira ule laini ukikutana na lami ya saa nane mchana, unakuwa kama jojo iliyotafunwa. Kashata zinalegea. Ukikata kona gari linajibu kwa kuchelewa, kama linafikiria kwanza. Ukifunga breki ghafla, zile kashata zenye mikato zinajikunja badala ya kusimama imara, na gari linasogea mbele hatua kadhaa ambazo tairi la kiangazi lisingesogea. Hatua hizo ndizo zenye bodaboda mbele yako.

Mvua ikinyesha ndiyo kasheshe. Watu wengi wanadhani tairi la theluji lazima liwe bingwa wa mvua, maana theluji si ni maji? Hapana. Limetengenezwa kunyonya utando mwembamba juu ya barafu, siyo kusukuma dimbwi. Kwenye lami yenye maji mengi linachelewa kusimama kuliko tairi la kiangazi, na ni jepesi kuelea. Sasa fikiria Barabara ya Morogoro pale Jangwani wakati wa masika.

Halafu kuna hili la haibridi yenyewe. Prius ile iliyotoka mwaka 2009, ambayo vijana wengi wanaiita Prius 30, ina uzito unaopita kilo 1,300, na mota yake ya umeme inatoa nguvu zake zote tangu gari likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta taa zikiwaka kijani, matairi ya mbele ndiyo yanayobeba kipigo. Ukiachia mafuta, au ukigusa breki taratibu, mota ileile inageuka kuwa jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, na kazi hiyo nayo inapitia magurudumu ya mbele. Kwa hiyo pedi za breki za haibridi zinadumu sana, lakini tairi la mbele halipumziki. Mpira laini hapo unasagika kama chaki.

Na ule umeme wa bure unaoupata kwenye breki una sharti lake: tairi lishike barabara. Likianza kuteleza, kompyuta ya gari inakata ule mchezo na kuziachia breki za kawaida zifanye kazi, na dereva anahisi kama kanyagio limelegea kwa nukta moja. Mwaka 2010 Toyota ililazimika kuyaita magari ya haibridi zaidi ya 400,000 duniani, Prius zikiwa nyingi humo, kurekebisha programu ya breki kwa ajili ya hali kama hiyo. Ilirekebishwa. Lakini kama matairi yako yanateleza ovyo, programu haiwezi kukuongezea msuguano.

Na mafuta je? Si ndiyo sababu ulinunua haibridi! Tairi laini linalojikunja linapoteza nguvu kwa kila mzunguko. Wewe unabana matumizi juu, tairi linatapanya chini.

LITAZAME UBAVUNI

Haya, toka nje sasa hivi na gazeti lako mkononi. Chuchumaa. Usiogope watu, waache wakushangae.

Tafuta kwanza mchoro wa mlima wenye ncha tatu na ndani yake nyota ya theluji. Ukiuona huo, ujue tairi limethibitishwa kwa theluji, na huenda ni tairi la theluji. Mengine ya Kijapani yameandikwa kabisa STUDLESS. Soma na jina: Blizzak ni ya Bridgestone, iceGUARD ni ya Yokohama, Winter Maxx ni ya Dunlop, Ice Navi ni ya Goodyear. Yote hayo ni ya barafu, hata muuzaji akikuapia kwa jina la bibi yake. Ukiona M+S peke yake usikurupuke, hiyo huandikwa pia kwenye matairi ya kawaida ya magari ya porini.

Kisha soma ile namba ndefu. Mfano 195/65R15 91Q. Hiyo 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana. 15 ni inchi za rimu. 91 ni uzito, maana yake tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615. Herufi ya mwisho ni spidi: Q ni kilomita 160 kwa saa, S 180, T 190, H 210. Matairi mengi ya theluji ya Kijapani yana hiyo Q. Kwa hiyo ukiona Q kwenye gari dogo, anza kumtilia shaka jamaa aliyepiga teke.

Mwisho tafuta tarakimu nne za kuzaliwa, kwenye mstari unaoanza na DOT au mwishoni mwa namba za kiwandani. Ikiwa ni 3516, tairi limezaliwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5, na likifika 10 litolewe tu hata kama kashata zinang'aa. Zile seti mbili za Wajapani zinalala nusu mwaka kila mmoja, ndiyo maana unaweza kukuta tairi lina kashata nene na umri wa kumaliza shule ya msingi.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hawakwambii. Tairi la theluji ni ushahidi. Linakuonyesha gari huenda liliishi kwenye theluji, na barabara za theluji hunyunyiziwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Chumvi na chuma hawajawahi kuwa marafiki. Ukiliona tairi hilo, lala chini na tochi uangalie kutu kwenye chasisi, mabomba ya breki na bomba la moshi. Kama bado hujalipa, mwambie muuzaji wa Japani akutumie picha ya ubavu wa kila tairi na picha ya uvungu. Akianza kukuzungusha, huyo mwache.

RIMU NAZO ZINA SIRI

Umeagiza Prius ya rimu za inchi 17, spoti rimu kali, kwenye karatasi imo. Gari linafika limevaa rimu za chuma za inchi 15 na vifuniko vya plastiki. Unataka kulia. Pengine hujaibiwa bandarini, kaka. Wenye magari wengi wa nchi za theluji kwa ajili ya baridi wanashusha rimu kwa inchi moja au mbili makusudi. Tairi dogo ni rahisi kwa bei, ni jembamba kwa hiyo linaichoma theluji badala ya kuelea juu yake, na ubavu wake mrefu unavumilia mashimo yaliyofichwa na barafu. Spoti rimu zinabaki stoo, zisiliwe na chumvi. Gari likiuzwa wakati wa baridi linaondoka na viatu vya baridi.

Hesabu yake inakubali: 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 na nusu, na 215/45R17 lina 625. Tofauti ni asilimia moja na nusu, spidimita haishtuki. Ila ukimwachia fundi akuvalishe 185/60R15 kwa sababu "ndiyo iliyopo", unashuka mpaka 603, asilimia 5 nzima. Spidimita itakudanganya, na uwezo wa kubeba unapungua pia.

Washikaji zangu walioko majuu, nyinyi kwenu mchezo ni huohuo ila kinyume. Ujerumani barabara ikiwa na theluji au barafu lazima uwe na matairi ya baridi, na tangu Oktoba 1, 2024 yanayokubalika ni yenye ule mlima wa ncha tatu tu. Quebec kule Kanada ni lazima kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 15, theluji iwepo isiwepo. Mwenye Prius huko anunue seti ya rimu 15 za chuma na matairi manne, siyo mawili ya mbele kwa kisingizio kwamba ndiyo yanayovuta. Nyuma ikiteleza barafuni utajikuta unatazama ulikotoka.

Turudi Bongo. Unataka kupanda rimu ya 17 ili gari lipendeze? Sikukatazi, ujana ni mara moja. Lakini ujue bei yake. Toyota wenyewe walipoiuza Prius ya 2009 kule Uingereza, ya rimu 15 walitangaza inatoa gramu 89 za hewa ya kaboni kwa kilomita, ya rimu 17 gramu 92. Hewa hiyo inatokana na mafuta yanayochomwa, kwa hiyo umeongeza matumizi asilimia 3 kwa ajili ya urembo. Na ubavu mwembamba kwenye mashimo yetu ya uchochoroni, we acha tu.

Kama ni lazima, angalia matundu. Prius 30 ina nati tano kwenye duara la milimita 100. Aqua ina nne kwenye duara hilohilo la 100. Prius mpya iliyotoka Japani mwaka 2023 imehamia 114.3, kwa hiyo rimu zake haziingii kwenye ya zamani, asikuongopee mtu. Tundu la katikati kwa Prius 30 na Aqua ni milimita 54.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi itaingia, lakini inatakiwa pete ya kujaza pengo, vinginevyo ukifika spidi 80 usukani unatetemeka kama mtu mwenye homa. Na nati za Honda za kiwandani zina kichwa cha mviringo kama mpira, nyingi za rimu za dukani zinataka kichwa cha mshazari kama koni. Ukichanganya, nati inaweza kulegea njiani. Hilo siyo la kujaribu.

UNUNUE NINI SASA

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi iliyobandikwa. Saizi na upepo vimeandikwa pale. Hiyo ndiyo sheria yako, siyo jamaa wa kijiweni. Prius 30 nyingi ni 195/65R15, Aqua nyingi ni 175/65R15. Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani: Aqua 84, yaani kilo 500 kwa tairi.

Nunua la kiangazi. Uchaguzi wenye maana hapo ni kati ya kubana mafuta na kushika maji, na matairi ya Kijapani yamekurahisishia. Tangu 2010 kule kwao matairi ya kiangazi yanabandikwa lebo: AAA mpaka C ni jinsi linavyoserereka kirahisi, a mpaka d ndogo ni jinsi linavyoshika kwenye maji. Matairi ya Ulaya nayo yana lebo yake. Mimi kwa hapa Dar ningechukua tairi lenye alama nzuri ya maji hata kama la mafuta limezidiwa daraja moja. Mafuta unaweza kukopa.

Nunua yote manne. Najua ni laki kadhaa, na gari limekumaliza kwenye ushuru. Lakini kuweka mawili ya kiangazi mbele na kuacha ya theluji nyuma ni kujitengenezea gari lenye akili mbili. Siku ya mvua nyuma itatangulia. Kama mfuko umegoma kabisa, punguza mwendo, kaa mbali na gari la mbele, kopa kwa shangazi.

Ukishavua yale ya zamani angalia yanakokwenda. Kashata nene zinamvutia mnunuzi wa mtumba asiyejua, na fundi anaweza kuyapaka rangi nyeusi na kuyaning'iniza barabarani yakiwaka. Kama wewe ndiye mnunuzi wa mtumba, basi hayo hasa ndiyo ya kuyakimbia: nene, laini, yamekatwakatwa kwa wembe. Binya kwa ukucha kivulini. Ukucha ukizama kirahisi, ondoka.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji. Teke halipimi upepo.

Na wewe wa Aqua, fungua buti leo, inua zulia. Aqua nyingi zimetoka Japani bila spea. Utakuta pampu ndogo ya umeme na chupa ya gundi ya kuziba pancha, basi. Chupa hiyo ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na gari lenye miaka kumi lina chupa yenye miaka kumi. Ijue leo ukiwa nyumbani, siyo Chalinze saa sita usiku.